Kichocheo hakikai pembeni: Geoffrey Wilkinson na swali la metali kushika na kuachia

Shuleni wengi tuliandikishwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kushiriki. Tukakariri, tukajibu mtihani, maksi tukapata, maisha yakaendelea. Sasa ukweli ni kwamba hayo maneno "bila kushiriki" ni uongo mtupu, kichocheo kinashiriki, tena kinaingia mzima mzima, kinashika molekuli hii huku na ile kule, kinazivunja, kinaziunga upya, halafu kinaziachia na chenyewe kinarudi kilivyokuwa mwanzo, na huko kurudi ndo kuliwafanya watu wa zamani wadhani hakikufanya kitu. Ni kama dalali. Kwenye mkataba jina lake halipo, lakini bila yeye hao wawili wasingeonana kabisa, na akishamalizana nao kesho yuko na wengine.

Nataka nieleze hii ishu kwa kupitia maisha ya mkemia mmoja, Geoffrey Wilkinson, Mwingereza aliyezaliwa 1921 na kufariki 1996. Fani hii ina mabingwa wengi sana, kina Grubbs, Suzuki, Heck na wengine, ila Wilkinson ana kitu kimoja ninachokipenda: ukitazama kazi zake juu juu unaona mtu anarukaruka tu, leo isotopu za nyuklia (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti), kesho chuma, keshokutwa rodiamu, mara tungsteni, ila ukizisoma na swali moja kichwani zote zinakaa mstari. Swali lenyewe ni hili: metali inaishikaje kaboni, na inaiachia lini?

Tuanze na jina la fani maana linatisha watu bure. Oganometali ni kampaundi yoyote ambayo ndani yake atomi ya metali imefungana moja kwa moja na atomi ya kaboni. Hiyo "moja kwa moja" ndo pa kushikilia. Chumvi ya sodiamu ya asidi ya siki ina metali na ina kaboni, lakini haihesabiki, kwa sababu sodiamu pale jirani yake ni oksijeni, kaboni iko nyuma huko. Na usidhani hivi ni vitu vya maabara tu, maana vitamini B12 ikiwa kazini mwilini inabeba bondi ya kobalti na kaboni, jambo lililothibitishwa 1961 na kundi la Dorothy Hodgkin.

Historia yake ni ya zamani na imejaa watu waliopata kitu wasikijue. Mwaka 1827 Zeise kule Denmark alichemsha kloridi ya platini kwenye alkoholi akapata fuwele za njano ambazo ndani yake, kumbe, kulikuwa na molekuli ya ethini (ethene, kaboni mbili zilizofungana kwa bondi maradufu) imekaa kwenye platini kiubavu ubavu, na ilibidi ifike miaka ya 1950 ndipo watu waeleze vizuri inakaaje pale. 1849 Edward Frankland akatengeneza zinki yenye ethaili mbili (ethaili ni kipande chenye kaboni mbili na hidrojeni zake), kimiminika kinachoshika moto chenyewe kikikutana na hewa. 1890 Ludwig Mond na wenzake wakaona nikeli ikipitishiwa gesi ya kaboni monoksidi inageuka kuwa mvuke, metali inaruka kama gesi! Halafu mwaka 1900 Victor Grignard na magnesi yake, iliyompa Nobeli 1912 na ambayo hadi leo kila mwanafunzi wa kemia ya oganiki lazima aungue nayo vidole angalau mara moja.

Lakini ona, zinki na magnesi si metali mpito. Metali mpito ni zile za katikati ya jedwali, chuma, kobalti, nikeli, rodiamu, platini na wenzao, na huko hali ilikuwa tofauti. Watu walijaribu kuzifunga na methaili (kipande chenye kaboni moja) au ethaili za kawaida, vitu vikawa vinavunjika mikononi, mpaka wakafikia uamuzi kwamba bondi ya metali mpito na kaboni ni dhaifu kiasili, basi, mjadala umefungwa. Kumbuka hilo, tutalirudia, kwa sababu aliyekuja kuubomoa huo uamuzi ni huyu huyu Wilkinson.

Alizaliwa Springside, kijiji karibu na mji wa Todmorden, Yorkshire. Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba, mama alifanya kazi kiwanda cha pamba. Kemia aliionea kwa ndugu wa ukoo aliyeoa kwenye familia yenye kiwanda kidogo cha chumvi za Epsom na Glauber. Shule yake ya Todmorden ndo iliyomsomesha pia John Cockcroft aliyepata Nobeli ya fizikia 1951, shule ya mji mdogo tu imetoa Nobeli mbili, haya. Mwaka 1939 akaingia Imperial College, London, vita ikawa imeanza, na baadaye akachukuliwa kwenye mradi wa nyuklia akapelekwa Kanada hadi 1946. Kutoka hapo akaenda Berkeley, California, kwa Glenn Seaborg, miaka minne anatengeneza isotopu mpya kwa saiklotroni, mashine ya kurusha chembe za atomi kwa kasi kubwa.

Hapo maisha yangeweza kwenda njia nyingine kabisa. Profesa wake wa zamani wa London alimwambia wazi kwamba kwa kemia ya nyuklia asitegemee kupata kazi ya chuo Uingereza. Kwahiyo alipohamia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1950 akarudia mapenzi yake ya ujana, kampaundi za metali mpito, zile za kaboni monoksidi na ndugu zake. Akatengeneza nikeli ambayo badala ya kaboni monoksidi nne imezungukwa na molekuli nne za fosforasi trifluoridi. Inaonekana kazi ndogo, ila humo kuna funzo alilolitumia miaka kumi na tano baadaye: fosforasi inaweza kukaa mahali pa kaboni monoksidi na metali isilalamike.

Mwaka 1951 akaenda Harvard kama profesa msaidizi, na miezi michache baadaye ikatokea ile kitu.

Desemba 1951 jarida la Nature lilitoa ripoti ya Kealy na Pauson wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh. Hawa walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa, walitaka kuunga pete mbili za kaboni tano tano, wakatumia kloridi ya chuma kama msaidizi, na badala ya walichotaka wakapata fuwele za rangi ya machungwa zenye chuma kimoja, kaboni kumi na hidrojeni kumi. Kundi lingine Uingereza lilishakipata kitu hichohicho kwa kupitisha mvuke wa saiklopentadieni, kampaundi yenye pete ya kaboni tano, juu ya chuma cha moto, nao pia kwa bahati. Cha ajabu hakikuwa rangi, ni ubishi wake. Kinayeyuka kwenye nyuzi 173 hivi, ukikipasha zaidi ya 400 bado kizima, hewa hakijali, maji hakijali. Na hii ni bondi ya chuma na kaboni, ile ile iliyosemwa ni dhaifu!

Pauson alichora chuma katikati na pete mbili pembeni, kila pete imeshikwa na bondi moja kwenye kaboni moja tu, kama mtu aliyeshika ndoo mbili. Wilkinson alipokiona kile kielelezo mwanzoni mwa 1952 hakukubali, maana kitu cha namna hiyo hakiwezi kuvumilia nyuzi 400. Pale pale Harvard kulikuwa na Robert Woodward, gwiji wa kemia ya oganiki, naye alikuwa ameshaanza kukifikiria, wakakutana na kugawana kazi, wakiwa na wenzao Rosenblum na Whiting. Wazo lao: chuma hakijashika kaboni moja huku na moja kule, kimekaa katikati kabisa kati ya pete mbili zilizolala sambamba, juu moja chini moja, na kaboni zote kumi ziko umbali sawa nacho. Ndo umbo lililokuja kuitwa sandwichi, na kampaundi yenyewe ikaitwa ferosini.

Walijuaje bila kuiona? Hapa ndo utamu. Kwenye infraredi, yaani kipimo cha mwanga usioonekana kwa macho, hidrojeni zilizoko kwenye kaboni zilitoa alama moja tu, kwahiyo zote kumi zina mazingira sawa, wakati mchoro wa Pauson ungetoa zaidi ya moja kwa sababu ile kaboni iliyoshikwa ingekuwa tofauti na wenzake. Molekuli haikuwa na upande chanya na upande hasi, maana yake imepangika kwa ulinganifu. Na haikuvutwa na sumaku, maana yake elektroni zote zimepata wenza. Vipimo vitatu rahisi, hakuna picha hata moja, wakafunga kesi, na picha za eksrei zilizofuata zikawapa haki. Wakati huohuo Munich, Ujerumani, Ernst Otto Fischer alikuwa anafika palepale kwa njia yake, na miaka iliyofuata hao wawili wakawa wanakimbizana kila mmoja anabandika pete kwenye metali anayoifikia, rutheniamu, kobalti, nikeli, kromiamu, kila mwezi kitu kipya.

Sasa kwa nini ferosini ni ngumu hivyo? Inabidi tuhesabu elektroni kidogo, usikimbie, ni hesabu ya kujumlisha tu. Atomi ya metali mpito ina vyumba tisa vya nje vya kuwekea elektroni: kimoja cha aina s, vitatu vya p, vitano vya d. Kila chumba wanakaa wawili, jumla 18. Chuma kina elektroni nane zake za nje. Kila pete ya kaboni tano inachangia tano. Nane na tano na tano, 18. Nyumba imejaa, hakuna chumba kilicho wazi, hakuna mgeni anayeweza kuingia wala mwenyeji anayetamani kutoka. Hii kanuni ya 18 si sheria ya kudumu, ina wakaidi wengi, ila ukiishika hiyo unaelewa nusu ya fani nzima.

Na ukiishaielewa, inakujia swali: kama kujaa ndo kutulia, kichocheo kinafanyaje kazi? Kichocheo lazima kipokee wageni. Kwahiyo lazima kiwe na chumba wazi, au kiwe na mpangaji ambaye haoni shida kutoka kidogo. Mimi nadhani hapa ndipo alipofika Wilkinson, ingawa safari ilikuwa na kona.

Kona ya kwanza ilikuwa ya ajira. Harvard haikumpa nafasi ya kudumu, pamoja na ferosini na yote, hebu fikiria. Kati ya 1954 na 1955 alikuwa likizo ya utafiti Copenhagen, na kipindi hicho yeye na mkemia mwenzake aitwaye Birmingham wakaripoti kampaundi ya reniamu yenye pete mbili na hidrojeni moja imekaa juu ya metali yenyewe. Kwenye NMR, kipimo kinachotumia sumaku kuonyesha kila hidrojeni iko mazingira gani, ile hidrojeni ilijitokeza mbali kabisa, nje ya eneo ambalo hidrojeni za kawaida zinakaa. Watu wengi wanairuka hii hadithi wakikimbilia Nobeli, ila mimi naiona ni ya muhimu sana, kwa sababu kuanzia hapo mkemia alikuwa na jicho, angeweza kuangalia ndani ya chupa na kusema "hidrojeni iko juu ya metali sasa hivi". Bila jicho hilo kichocheo kinachobeba hidrojeni kingebaki kuwa kitu cha kubashiri.

Januari 1956 akaanza kazi Imperial, kwenye kiti cha uprofesa wa kemia isiyo ya oganiki, ambacho wakati huo ndo kilikuwa kiti pekee cha aina hiyo kilichowekwa rasmi Uingereza nzima. Fani ilikuwa imedharaulika kiasi hicho. Mwaka 1962 yeye na Albert Cotton, aliyekuwa mwanafunzi wake Harvard, wakatoa kitabu kikubwa cha kufundishia fani hiyo, na vizazi vya wanafunzi vikakibeba begani.

Halafu 1965 ikaja rodiamu.

Utengenezaji wake ni wa kushangaza kwa urahisi. Unachukua kloridi ya rodiamu, unaiweka kwenye ethanoli pamoja na trifenilifosfini (fosforasi iliyobeba pete tatu za benzini, tuiite fosfini tu) nyingi kupita kiasi, unachemsha, zinajitokeza fuwele nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee. Ile fosfini inafanya kazi mbili kwa mpigo, baadhi yake inaipunguzia rodiamu chaji kutoka tatu kwenda moja huku yenyewe ikigeuka oksidi, na iliyobaki inakaa kwenye metali kama mpangaji. Mwisho unapata rodiamu moja, klorini moja, fosfini tatu. Ndo hiyo inayoitwa hadi leo kichocheo cha Wilkinson, ingawa kwa haki ya Mungu walioifanya kwa mikono walikuwa vijana wake kina Osborn, Young na Jardine, na kampuni ya ICI nayo iliifikia kivyake kipindi hichohicho.

Hesabu: rodiamu tisa, klorini moja, fosfini tatu kila moja mbili, jumla 16. Umeona? Pungufu mbili. Nyumba ina chumba kimoja wazi.

Kazi yake ni kuongeza hidrojeni kwenye bondi maradufu ya kaboni na kaboni, yaani alkeni (molekuli yenye bondi hiyo) inashiba hidrojeni na kuwa alkani. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia unga wa metali, nikeli au paladiamu, gesi inagusa juu ya uso wa unga, na kinachotokea huko juu hakuna anayekiona vizuri. Hii mpya inayeyuka kabisa kwenye mchanganyiko na inafanya kazi kwa joto la kawaida la chumba na presha ya kawaida ya hewa. Na kwa sababu inayeyuka, kila molekuli ya kichocheo ni sawa na mwenzake, unaweza kuifuata hatua kwa hatua kama unavyomfuata mtu mitaani.

Tuifuate. Kwanza fosfini moja inatoka, 16 inakuwa 14, nyumba sasa ina vyumba viwili wazi na njaa ya kutosha. Hidrojeni inakuja, metali inaipasua katikati na kushika kila nusu peke yake, 16. Alkeni inakuja inakaa kiubavu ile ile staili ya Zeise ya 1827, 18, imejaa. Sasa wote wako chumba kimoja, wameshikwa na metali moja, kwahiyo hidrojeni moja inahama kutoka kwenye metali inaruka kwenye kaboni ya jirani, na kaboni ya pili inabaki imeshikwa na rodiamu kwa bondi moja, 16 tena. Mwisho hidrojeni ya pili na hiyo kaboni zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kutoka, 14, na metali iko pale pale ilipoanzia ikisubiri hidrojeni nyingine. 14, 16, 18, 16, 14. Huo ndo mzunguko wa kichocheo, na ukiuelewa huo mmoja, ile mingine mingi unayoisikia, ya kuunga kaboni na kaboni kwa paladiamu kwa mfano, ni mpangilio tofauti wa hatua zilezile tatu nne: kupasua na kushika, kuhamia jirani, kuungana na kutoka.

Kuna kipengele hapa ambacho kinachanganya hata watu wa fani. Jack Halpern wa Chicago alipima kasi za hatua hizi miaka ya 1970 akakuta ile yenye fosfini mbili inaipasua hidrojeni kwa kasi ya takriban mara 10,000 kuliko ile yenye tatu. Yaani zile fuwele nyekundu unazozipima kwenye mzani, unazozipiga picha, unazoziweka kwenye chupa yenye lebo ya kichocheo, kiuhalisia si zenyewe zinazofanya kazi, ni ghala tu. Mfanyakazi halisi yupo kwa kiwango kidogo sana kiasi kwamba humuoni. Mtafiti wa vichocheo anaishi na hilo kila siku, akiona kitu kimetulia vizuri kwenye NMR ajiulize kama hicho kitu kipo kwenye mzunguko au kimekaa nje kinapumzika.

Na kingine, kichocheo hiki kinachagua. Zile fosfini ni nene, kila moja imebeba pete tatu za benzini, kwahiyo alkeni iliyozungukwa na vitu vingi haipati pa kupita, ile iliyo wazi ndo inaingia. Ukiwa na molekuli yenye bondi maradufu kadhaa unaweza kushibisha moja ukaacha nyingine. Sasa William Knowles, mkemia wa kampuni ya Monsanto, akawaza hivi: kama fosfini ndo zinaamua nani apite, je nikiweka fosfini yenye mkono, yaani ambayo ina umbo la kushoto na kulia kama glavu? 1968 akaonyesha inawezekana, mwanzoni kwa matokeo hafifu, halafu akaendelea kuboresha mpaka kiwanda kikaanza kutengeneza L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, yenye mkono mmoja tu unaotakiwa. Nobeli yake ilikuja 2001. Mbegu ni ile ile rodiamu.

Upande mwingine kundi la Imperial lilikuwa linafanya kazi na ndugu yake, rodiamu yenye hidrojeni moja, kaboni monoksidi moja na fosfini tatu. Hii inachukua alkeni, hidrojeni na kaboni monoksidi inaunga vyote kuwa aldehaidi, yaani molekuli ambayo kaboni yake ya mwisho imeshika oksijeni kwa bondi maradufu. Mmenyuko wenyewe Otto Roelen aliugundua Ujerumani 1938 kwa kobalti, na viwanda vilikuwa vinautumia, ila kwa presha mara 200 hadi 300 ya ile ya kawaida ya hewa, matangi manene ya kutisha. Rodiamu yenye fosfini ikashusha mambo mpaka chini ya mara 20 na joto la karibu nyuzi 100, na juu ya hapo ikatoa zaidi molekuli zilizonyooka ambazo ndo zinazotakiwa, karibu kumi kwa kila moja yenye tawi, wakati kobalti ilikuwa inatoa kama tatu au nne. Kufikia 1976 ilikuwa kiwandani, na aldehaidi hizo zinaishia kwenye vilainishi vya plastiki ya PVC, kwenye nyaya na mabomba laini. Rodiamu ni kati ya metali adimu kuliko zote duniani, lakini ukiitumia kwa sehemu chache katika milioni na ukairudisha yote, hesabu inalipa, na hiyo "ukairudisha yote" ndo inayowakosesha wahandisi usingizi.

Turudi kwenye lile deni, ule uamuzi kwamba bondi ya metali mpito na kaboni ni dhaifu. Angalia mzunguko wetu tena, hatua ya hidrojeni kuhama kutoka metali kwenda kaboni. Hatua hiyo inaweza kurudi nyuma! Ukiifunga metali na ethaili, kaboni ya pili ya ethaili ina hidrojeni, hidrojeni hiyo inaona chumba wazi kwenye metali inahamia huko, na ethaili iliyobaki inakuwa ethini inaondoka zake. Kwahiyo zile kampaundi za zamani hazikuvunjika kwa sababu bondi ni dhaifu, zilivunjika kwa sababu kulikuwa na mlango wa kutokea. Ni tofauti kubwa. Mtu akihama nyumba haimaanishi ukuta ulikuwa mbovu.

Sasa ukilijua hilo unajua pa kuziba. Tumia makundi ambayo hayana hidrojeni kwenye kaboni ya pili, au hayana kaboni ya pili kabisa, kama methaili. Kundi la Wilkinson likafanya hivyo, na 1973 wakatangaza tungsteni yenye methaili sita. Tungsteni moja, kaboni sita zote kwa bondi za kawaida za moja moja, ipo, inashikika, fuwele nyekundu. Haina adabu, inaweza kulipuka, si ya kuchezea, lakini ipo, na kuwepo kwake kulitosha kuuzika ule uamuzi wa zamani. Kwangu mimi hii ndo kazi yake nzuri kuliko zote, kuliko hata ferosini, maana ferosini ilimdondokea mezani kutoka kwa watu wengine na hii aliifikiria mwenyewe kwa kuuliza kwa nini wenzangu wameshindwa.

Hapa niseme kidogo kuhusu maisha ya siku hadi siku ya hawa watu, kwa sababu ukisoma makala za kisayansi unaona mishale na namba tu. Vitu vingi vya oganometali vinachukia oksijeni na unyevunyevu. Mtafiti anafanya kazi zake kwenye bomba la vioo lenye njia mbili, moja inavuta utupu na nyingine inaleta naitrojeni au agoni, chupa inavutwa hewa, inajazwa gesi, inavutwa tena, inajazwa tena, mara tatu kabla hujaweka kitu, au anaingiza mikono kwenye sanduku lililofungwa lenye glavu ndefu kama anahudumia mtoto njiti. Siku nzima inaweza kuisha kwenye kukausha kiyeyushi tu. Halafu rangi inageuka, machungwa inakuwa kahawia, na anajua bila kupima kwamba hewa imeingia mahali na kazi ya wiki imekwenda.

Nobeli ya kemia ya 1973 ilienda kwa Wilkinson na Fischer kwa kazi yao juu ya sandwichi. Woodward hakuwekwa. Alikuwa ameshapata yake 1965 kwa mambo mengine, lakini aliandika barua kwa kamati kulalamika, kwa maoni yake wazo la sandwichi lilikuwa lake. Nani alianza kuliona? Wote wawili walikuwa na hoja, na kumbukumbu za watu kuhusu wiki chache za mwanzo wa 1952 hazilingani, kwahiyo sioni faida ya kuamua kesi hapa. Wilkinson alipewa cheo cha heshima cha "Sir", akawa Sir Geoffrey, 1976, akastaafu rasmi 1988, na maabara hakuacha, aliendelea mpaka alipofariki Septemba 1996.

Kuna kitu kimoja cha kuchekesha katika yote haya. Ferosini iliyompa Nobeli, kama kichocheo cha aina hii, haina kazi kabisa. Imejaa, 18, hakuna mlango, inakaa tu pale ikiwa nzuri. Iliyofanya kazi ni ile yenye upungufu. Lakini wakemia ni watu wa kutotupa kitu, wakaona huo ukaidi wenyewe ni mtaji, kitu kisichovunjika kinaweza kuwa fremu. Wakabandika fosfini kwenye pete za ferosini, zikawa kama mikono miwili iliyotoka kwenye mwili mgumu, na mikono hiyo ikaenda kushika metali nyingine yenye njaa. Pete ikibeba vitu viwili tofauti inakuwa na kushoto na kulia, kwahiyo unapata glavu ya Knowles bila shida. Kuna familia ya fosfini za namna hii iliyozaliwa Uswisi na kupewa jina la fundi wa maabara aliyeitengeneza mara ya kwanza, jambo adimu, kwa kawaida jina hubeba profesa. Ndugu yake mmoja akiwa ameshika iridiamu ndiye aliyeingizwa na kampuni ya Ciba-Geigy kwenye utengenezaji wa dawa ya magugu iitwayo metolaklori, moja ya matumizi makubwa kabisa ya kichocheo chenye mkono duniani, maelfu ya tani kwa mwaka. Kiwanda kilianza 1996. Iridiamu iko pale inashika hidrojeni na kuiachia, na nyuma yake kuna chuma kimekaa katikati ya pete zake mbili, elektroni 18, hakigusi kitu.